Jerome uliyemsikia si mpiga gitaa

Swali: Fundi, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mwalimu. Marehemu baba alikuwa karani wa reli hapa, na kati ya vitu alivyotuachia kuna kanda moja ya kaseti aliyoiandika kwa kalamu, "Jazz, Kisumu 84". Upande B una kipande kisicho na mwimbaji. Saksafoni ipo, piano ipo, halafu kuna gitaa linalovuta sauti kama mtu anayelia, ila linakwenda mbio. Kabla yake mtangazaji anazungumza Kiingereza polepole mno, na nilichoambulia ni "Jerome Richa…" kisha mkwaruzo. Kanda yenyewe inaanza na ule wimbo wa treni ambao baba alikuwa akiupiga mluzi akinyoa ndevu. Mama anashikilia ni Jim Reeves. Jirani yetu wa Kondele anaapa ni Victoria Jazz. Programu ya simu ya kutambua nyimbo imeshindwa, na nimetafuta albamu za Jerome za 1984 hadi nimechoka. Desemba tuna kumbukumbu ya mzee na ningependa wimbo huo upigwe ukiwa safi. Nianzie wapi?

Jibu: Salamu zimefika Nakuru, mwalimu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Nitasema kwanza ninachoamini, halafu nikuonyeshe jinsi ya kunihakiki.

Kwa maelezo yako, santuri unayoitafuta ni *Steel Guitar Jazz* ya mpiga gitaa Mmarekani Buddy Emmons, iliyorekodiwa New York mwaka 1963 na kutolewa na kampuni ya Mercury. Jerome wako ni Jerome Richardson, na kwenye santuri hiyo yeye ndiye mpuliza saksafoni. Umekuwa ukimfuata mpuliza saksafoni huku unamtaka mpiga gitaa, ndiyo maana kila mlango uliobisha alitoka mtu mwingine.

Watangazaji wa jazz ya Marekani wana desturi ambayo sisi wa benga hatukuzoezwa. Redioni kwetu ukishasema D.O. Misiani na Shirati Jazz umemaliza. Aliyeshika besi anajulikana na bendi yake na mkewe. Wale wenzetu husoma orodha nzima, kuanzia mwenye santuri hadi wa ngoma. Kanda ya mzee ilinasa mkia wa orodha hiyo, na jina lililopona ni la mtu ambaye ukimtafuta peke yake utazama. Richardson alizaliwa Texas mwaka 1920, akafariki mwaka 2000, na maisha yake karibu yote alikuwa mtu wa kuitwa studio kupuliza saksafoni na filimbi kwenye kazi za wengine. Alikuwamo hata kwenye okestra ya Thad Jones na Mel Lewis. Kumtafuta kwa jina tu ni kama kusimama stendi ya Kisumu ukamwulizia Otieno.

Lakini Otieno anayeuza saa na ana mguu mmoja, huyo utaonyeshwa. Kwa hiyo usitafute jina, tafuta makutano. Kwenye tovuti ya Discogs, ambako watu huorodhesha santuri pamoja na kila aliyepiga, ukurasa wa Richardson ni mrefu wa kuchosha. Ukiandika jina lake pamoja na maneno "pedal steel", ambalo ndilo jina la gitaa lile linalolia, kinachobaki ni kidogo sana. Mimi katika miaka yangu yote ya kukusanya santuri najua moja tu ambamo wawili hao wanakutana, na ni hii. Wengine waliomo ni Bobby Scott kwenye piano, Art Davis kwenye besi na Charlie Persip kwenye ngoma. Rudia kusikiliza penye mkwaruzo. Ukiokota hata "Persip", kesi imekwisha, maana jina hilo halifanani na lolote.

Kosa la pili ni hiyo 84. Mzee aliandika mwaka alioinasa sauti, na watu wa reli ni watu wa tarehe, lakini santuri inaweza kuwa na umri wowote siku inapopigwa redioni. Hii ilikuwa na miaka 21. Kila ulipoandika 1984 kwenye kisanduku cha kutafutia uliifungia nje wewe mwenyewe.

Sasa mama. Usimcheke, kati yenu wote yeye ndiye aliyekaribia zaidi. Sikio la mama limelelewa na *Sundowner*, kipindi cha redio ya KBC, jioni kama masikio yetu sote, na gitaa lile kwetu lilikuja limepanda mgongo wa muziki wa country. Emmons mwenyewe, mzaliwa wa Mishawaka katika jimbo la Indiana mwaka 1937, alichukuliwa na mwimbaji wa country Little Jimmy Dickens akiwa na miaka 18, kisha akapiga na Ernest Tubb. Nashville, mji wa country, ndiko alikokula mkate. Siku za kurekodi santuri hii alikwenda New York akakaa katikati ya watu wa jazz ambao ala yake waliijua kama kitu cha nyimbo za wachunga ng'ombe. Kwa hiyo mama amesikia ala sahihi, amekosea nyumba tu.

Jirani wa Kondele naye ameponzwa na neno. Huku kwetu "jazz" haikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi wa New York, ilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa ya kuchezesha watu. Ndiyo maana tukawa na Shirati Jazz na Victoria Jazz, Tanzania wakawa na Morogoro Jazz na Tabora Jazz, na Kongo wakawa na African Jazz na OK Jazz, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyopiga jazz kwa maana ya mtangazaji wako. Mtu akisoma neno hilo kwenye kanda iliyotoka Kisumu, akili yake inakimbilia ziwani. Lakini gitaa la solo la benga linadonolewa, chembe kwa chembe, likiiga nyatiti, kinubi cha Waluo. Kama tuna ala ya kwetu inayovuta sauti namna unayoieleza, basi ni orutu, zeze la uzi mmoja, na orutu haina piano pembeni. Na kabla hajaleta hoja ya chupa, chupa ya Fanta ya omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, wa kina George Mukabi hugongwa kwa mdundo, haitelezeshwi juu ya nyuzi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukiielewa ala hii hutahitaji mtu wa kukuthibitishia lolote.

Gitaa la kawaida unalikumbatia. Hili limelala kama meza ya kupigia pasi, lina miguu minne, na mpigaji ameketi nyuma yake kama karani wa posta. Nyuzi kwa kawaida ni kumi kwa kila shingo, na magitaa mengi ya zama hizo yana shingo mbili: moja nyuzi zake zimepangwa kwa sauti za kodi iitwayo E9, ndiyo inayolia kwenye country, na nyingine kwa C6, ndiyo ya swing na jazz. Mkono wa kushoto umeshika kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi bila kuzikandamiza hadi kwenye mbao. Hadi hapo ni gitaa la Hawaii tu, ambalo lilikuwapo tangu mwisho wa karne ya 19. Kipya kiko chini: pedali za mguu wa kushoto na vyuma vya kusukumwa kwa magoti. Ukikanyaga, uzi mmoja au nyuzi mbili zinavutwa na kupanda toni au nusu toni, huku nyingine zikikaa palepale. Mguu wa kulia uko kwenye pedali ya kuongeza na kupunguza sauti.

Umewahi kusikiliza kwaya ikishikilia "Amina" ya mwisho? Soprano wametulia, besi wametulia, halafu alto peke yao wanapanda hatua moja na ukumbi mzima unabadilika rangi. Hiyo ndiyo pedali. Gitaa la kutelezesha chuma bila pedali kwa kawaida haliwezi, kwa sababu chuma kikisogea sauti zote zinahama pamoja, kama basi na abiria wake. Kwa hiyo tafuta mahali gitaa linaposhika sauti mbili au tatu kwa pamoja, kisha sikiliza kama moja inahama na wenzake wamebaki. Ikihama, karibu hakika ni pedali. Wamarekani wenyewe waliisikia vizuri kwa mara ya kwanza mwaka 1954, Bud Isaacs alipoivuta hivyo kwenye wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly", na wapigaji wengine wakakimbilia kuongeza pedali kwenye magitaa yao.

Alama ya pili ni namna sauti inavyoingia. Mguu wa kulia huificha ile "ti" ya ukucha kugusa uzi, kwa hiyo sauti inafika kama upepo unaoingia kwa mlango uliofunguliwa polepole. Kwenye vipande vya mbio utazisikia kucha, kwenye vya taratibu hutazisikia.

Haya, sasa kanda. Nakuomba usiipige tena hadi umalize kusoma. Mwaka mmoja, nikiwa bado kijana kwenye kibanda changu, mteja aliniletea kanda ya sauti ya bibi yake. Niliisukuma kwenye mashine ambayo sikuwa nimeisafisha gurudumu la mpira, na mashine ikaila tepu, nikavuta uzi mweusi wa urefu wa mkono ukiwa umejikunja kama tambi. Tuliokoa nusu. Yule mteja hakunigombeza, na hadi leo ningependa angenigombeza.

Kwa hiyo safisha kwanza. Pamba kidogo, spiriti ya dukani, sugua kichwa cha kusomea na gurudumu la mpira hadi pamba itoke nyeupe. Chungulia ndani ya kaseti katikati ya ukingo ulio wazi; kuna kisponji kidogo kinachosukuma tepu kwenye kichwa. Kwenye kanda za umri huu gundi yake hukauka kikadondoka, na bila hicho sauti inakuwa ya mtu aliyefunikwa blanketi. Kama hakipo, toa cha kaseti nyingine usiyoihitaji. Kisha zungusha kanda kwa biro, taratibu, hadi mwisho na kurudi, ili tepu iachane penye kushikana.

Karibu na kichwa cha kusomea kuna skrubu ndogo yenye springi inayokiinamisha kushoto au kulia. Mashine iliyonasa na mashine inayopiga zikiwa zimeinama tofauti, sauti nyembamba zinapotea. Usikimbilie kwenye muziki. Cheza pale mtangazaji anapoongea, geuza skrubu robo ya mzunguko, sikiliza herufi S. Itatoka kwenye kitu kama "th" ya mtoto asiye na meno ikawa S yenye makali. Penye makali zaidi ndipo pa kuacha. Nina matumaini "Richa…" yako itajimalizia yenyewe hapo, na labda jina lililotangulia nalo liibuke.

Kwa nini simu imegoma? Mkwaruzo unachangia, lakini mimi namshuku mzee na mawe ya redio, yaani betri. Mwaka 1984 wengi wetu tulikuwa tukinasa redio kwa mawe, na yakichoka tuliyaanika juani juu ya mabati tukayarudisha. Mawe machovu huzungusha mota polepole. Kanda ikinaswa kwa mwendo wa polepole kisha ikapigwa leo kwa umeme kwa mwendo wake halali, wa sentimita 4.76 kwa sekunde, wimbo unakwenda mbio na sauti inapanda. Tofauti ya asilimia 6 hivi inatosha kuupandisha nusu toni nzima. Programu za kutambua nyimbo hulinganisha alama za sauti na za rekodi yenyewe. Wimbo ukishahama nusu toni, mashine inaona mgeni. Huenda hata hiyo "mbio" uliyoitaja, sehemu yake ni mawe.

Dawa unayo kwenye kanda hiyohiyo. Ule wimbo wa treni. Kama ni huu ninaoufikiria, ni "Take the A Train", alioutunga Billy Strayhorn na kupigwa na bendi ya Duke Ellington, na ulikuwa wimbo wa kufungulia kipindi cha jazz cha Sauti ya Amerika kwenye masafa mafupi tangu 1955. Mtangazaji alikuwa Willis Conover. Aliongea taratibu makusudi ili asikilizwe na watu ambao Kiingereza kwao ni lugha ya tatu, na maelezo yako ya sauti yake yananitosha. Alifariki 1996, na mkusanyiko wake uko Chuo Kikuu cha North Texas, mjini Denton. Treni yenyewe ni ile ya New York inayokwenda Harlem. Karani wa reli ya Kisumu akinyoa ndevu kwa mluzi wa treni ya Harlem! Ningependa kumjua huyo mzee.

Bendi ya Ellington huuanza wimbo huo kwa C. Chukua kinanda cha kanisani na mtu anayesoma solfa. Baada ya piano ya utangulizi, melodi inaingia kwa so na kuruka hadi mi ya juu. Do yake iwe C. Kama kwenye kanda do inaangukia C-shapu, kanda inakimbia nusu toni. Ingiza sauti kwenye kompyuta kwa waya, tumia programu ya Audacity ambayo ni ya bure, na punguza kasi hadi do ikae kwenye C. Chagua amri inayobadilisha kasi na sauti kwa pamoja. Ile ya tempo peke yake itakudanganya. Kila kilichofuata kwenye upande huo punguza kwa kiasi hichohicho, kisha ipe simu nafasi nyingine.

Ukimaliza, linganisha. Kati ya vipande vya *Steel Guitar Jazz* ningeanza na vinavyokwenda kasi: "Oleo" ya Sonny Rollins, "Cherokee", na "Indiana". Kama cha mzee kina ladha ya kanisani, jaribu "The Preacher" ya Horace Silver. Kama kina bluzi, "Bluemmons", ambayo jina lake ni mchezo wa jina la mwenye santuri.

Na ikiwa si hiyo? Sioni uwezekano mkubwa, lakini nimezipita nyingine kichwani. Floyd Smith na bendi ya Andy Kirk, 1939, ni gitaa la umeme la Hawaii lisilo na pedali, na nyuma yake kuna bendi kubwa ya matarumbeta. Santuri ya mpiga pedal steel Curly Chalker na mpiga fidla Joe Venuti ya miaka ya 1970 ungesikia fidla kabla ya kitu kingine chochote. Emmons alirudi kwenye jazz mwaka 1978 pamoja na mpiga gitaa Lenny Breau, ni santuri nzuri sana, ila Richardson hayumo. Mpiga ngoma Brian Blade aliweka gitaa la pedali kwenye bendi yake mwaka 1998, kalamu ya mzee ikiwa imekwisha kukauka. Na watakaokuambia ni King Sunny Adé wa Nigeria wana hoja kidogo, kwani Demola Adepoju alimpigia ala hiyohiyo kwenye *Juju Music* ya 1982 na ilivuma sana, lakini humo kuna ngoma zinazozungumza na Kiyoruba, na wewe umeniambia hakuna mwimbaji.

Kununua santuri yenyewe ni habari fupi. Kwenye vibanda vya santuri vya Kenyatta Market, Nairobi, ningepita kwa ajili ya raha tu. Hii sijawahi kuikuta ikiuzwa nchini. Nje, uliza kwa namba, si kwa jina: Mercury MG 20843 ni ya mono na SR 60843 ni ya stereo. Mwombe muuzaji picha ya ile sehemu laini isiyo na mifereji karibu na karatasi ya katikati, penye namba zilizochongwa kwenye plastiki. Jalada linaweza kubebeshwa sahani nyingine, namba za kuchongwa hazihami. Ila kwa Desemba usisubiri meli. Tafuta sauti yake mtandaoni kwa jina la albamu na la Emmons, na siku ile pigeni zote mbili, ya mzee kwanza pamoja na mtangazaji wake na mkwaruzo, kisha safi.

Ukiona bado haifanani, nitumie dakika mbili za kanda, kuanzia mtangazaji anapovuta pumzi. Na tafadhali kwa waya, si kwa simu iliyolazwa juu ya spika.